Uvimbe Mdogo wa Figo: Kungoja Kuwe na Daftari

Miongoni mwa mambo yaliyoletwa na maendeleo ya hospitali zetu liko moja ambalo bado halijazungumzwa vya kutosha. Mtu huenda hospitali kwa shida moja, akarudi nyumbani na habari ya shida nyingine asiyoijua. Amekwenda kwa ajili ya tumbo linalomsumbua, au tezi dume, au ni mama mjamzito aliyekwenda kutazamwa mtoto. Mtaalamu anapopitisha kifaa cha ultrasaundi ubavuni, anakuta katika figo kitu ambacho hakikutafutwa. Anaandika katika karatasi: uvimbe mdogo, figo ya kulia. Mwenye figo hiyo haumwi. Mkojo wake ni safi, na nguvu za kuvuta jarife na kupalilia mikorosho anazo. Lakini tangu saa ile neno "uvimbe" limeingia nyumbani mwake, na usingizi umetoka.

Leo tunapenda kulieleza jambo hili kwa wananchi wa mwambao wetu, kuanzia Mikindani na Msangamkuu hadi Msimbati na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma, pamoja na ndugu zetu wanaopiga dago katika visiwa vidogo vya Ghuba ya Mnazi. Tunapenda vile vile kulifikisha mbele ya viongozi waliokabidhiwa dhamana ya afya yao. Msimamo wetu tunautaja mapema. Uvimbe wa namna hii kwa kawaida hauhitaji papara. Unahitaji kupimwa vizuri, kuandikwa vizuri na kufuatiliwa bila kukosa. La kwanza na la pili mkoa wetu umeanza kuyaweza. La tatu bado ni gumu, na humo ndimo maisha ya watu yanamoweza kupotea.

Hapo zamani saratani ya figo ilijulikana kwa dalili tatu: damu katika mkojo, maumivu ya ubavu, na donge linaloshikika kwa mkono. Aliyefika kwa daktari akiwa na dalili zote tatu, mara nyingi alikuwa amekwisha chelewa. Tangu mashine za picha zienee duniani, mambo yamegeuka. Katika nchi zenye mashine nyingi, zaidi ya nusu ya uvimbe wa figo sasa huonekana kwa bahati, wakati mtu anatafutiwa ugonjwa mwingine kabisa. Nasi tumo katika njia hiyo hiyo. Mwaka 2021 taifa letu lilipata mkopo wa kiasi cha shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kupambana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Hapa Mtwara, juu ya Hospitali ya Ligula tuliyoizoea kwa miaka mingi, tunayo sasa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Ni jambo la kushukuru. Lakini mashine ikiisha kuona, mtu lazima aamue la kufanya, na uamuzi huo ndio unaotuhusu leo.

Tuanze na maana ya lile neno. Mwananchi akisikia "uvimbe" hufikiri saratani, na akisikia "saratani" hufikiri kaburi. Ukweli ni kwamba kinachoonekana katika figo huwa cha namna nyingi. Kilicho cha kawaida kuliko vyote ni mfuko wa maji, yaani kiputo chenye ukuta mwembamba na maji safi ndani yake. Kwa watu waliopita umri wa miaka 50 mifuko hii ni mingi mno, na si ajabu kuikuta kwa mtu mmoja katika kila wanne. Mfuko wa maji ulio wa kawaida si saratani, na mwenye nao huambiwa arudi kwenye kazi zake. Mwaka 1986 daktari wa Marekani, Morton Bosniak, alitoa utaratibu wa kuipanga mifuko hii katika madaraja, kuanzia ile isiyo na neno mpaka ile yenye kuta nene na vinundu, ambayo yafaa kushukiwa. Utaratibu huo, baada ya kurekebishwa mara kadhaa, unatumika hadi leo.

Namna ya pili ni uvimbe mgumu, wenye nyama ndani. Huu huitwa mdogo ukiwa hauzidi sentimita 4, tuseme kati ya korosho yenye ganda lake na ndimu. Hata hapa hukumu haiwi moja. Katika kila uvimbe mgumu wa kimo hicho 5 unaokatwa na kupelekwa maabara, karibu mmoja hukutwa kuwa si saratani, na kadiri unavyokuwa mdogo ndivyo tumaini hilo linavyozidi. Uko ule uliochanganya mafuta, misuli na mishipa ya damu, ambao mashine ya CT huutambua kwa mafuta yake. Hatari yake hasa ni kuvuja damu ukikua, na zaidi ukipita sentimita 4 au mwenye nao akishika mimba.

Na ule ulio saratani kweli, sehemu kubwa yake hukua taratibu, kwa wastani wa milimita 2 au 3 kwa mwaka. Madaktari waliowafuatilia wagonjwa wa namna hii kwa miaka kadhaa wamekuta kwamba waliofikwa na balaa la saratani kuenea mwilini wakati wakingoja ni mmoja au wawili katika kila 100. Idadi hiyo ni ndogo, na kwa mzee mwenye moyo dhaifu au kisukari hatari ya kisu huenda ikaizidi. Lakini izingatiwe sana kwamba hesabu hii imetoka kwa wagonjwa waliokuwa wakirudi kupimwa kwa wakati wao. Haimhusu aliyeambiwa "tutaangalia baadaye", kisha hakuna aliyeangalia.

Sasa tutazame matibabu. Mwaka 1969 Charles Robson wa Toronto, Kanada, na wenzake walionyesha faida ya kuiondoa figo nzima pamoja na mafuta na matezi yaliyo jirani. Uvimbe uliokuwa ukiwafikia madaktari siku zile ulikuwa mkubwa, na njia ile iliwafaa watu wengi. Kwa uvimbe mdogo elimu imesonga mbele. Imethibitika kwamba kukata sehemu yenye uvimbe peke yake, na kuiacha figo iliyobaki ifanye kazi yake, hudhibiti saratani sawasawa na kuondoa figo yote. Iko pia njia ya kupenyeza sindano na kuuchoma uvimbe kwa joto au kuugandisha kwa baridi, pale penye vifaa na wataalamu. Iko njia ya kuchukua kinyama kwa sindano kikachunguzwe, ingawa mara nyingine kinyama hicho hakitoi jibu na hapana budi kurudia. Na iko njia ya kungoja kwa mpango: picha ya kwanza baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila miezi 6 au mwaka, na baadaye mara moja kwa mwaka maadamu uvimbe umetulia. Ukikaribia au ukipita sentimita 4, ukikua kwa zaidi ya nusu sentimita kwa mwaka, au dalili zikianza, kungoja kunakwisha na matibabu yanaanza.

Njia ipi achukue nani ni shauri la daktari na mgonjwa. Kijana mwenye afya, aliye na miaka mingi mbele yake, kwa kawaida hushauriwa kuutoa. Mzee wa miaka 75 mwenye presha na pumu huenda akaishi na uvimbe wake, akafa kwa ajali yake nyingine bila kusumbuliwa nao. Jambo la kushikwa ni kwamba figo isiondolewe nzima pale ambapo sehemu ingetosha. Mtu aweza kuishi vyema kwa figo moja, lakini presha na kisukari vinaongezeka miongoni mwetu, na vyote viwili hula figo. Aliyebaki na moja, hiyo moja ikichoka, atakuwa mgeni wa mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Ni kweli kwamba upandikizaji wa figo ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2017 na kufuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, lakini lazima apatikane ndugu wa kutoa, na gharama si ya mchezo. Figo uliyozaliwa nayo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Kwa nini tunayasema haya katika gazeti la mkoa, badala ya kuwaachia madaktari vitabu vyao? Kwa sababu hapa kwetu kuna makosa mawili, na lolote katika hayo laweza kumpata mwananchi kabla daktari bingwa hajamwona.

Kosa la kwanza ni papara. Mtu ameandikiwa "uvimbe", bila kimo, bila kuelezwa kama ni mfuko wa maji au nyama. Jamaa wanakaa kikao usiku huo huo. Mikorosho inawekwa rehani, mashua inatafutiwa mnunuzi, na safari ya zaidi ya kilometa 500 kwenda Dar es Salaam inaanza, pengine kwa ajili ya kiputo cha maji ambacho hakihitaji hata kidonge. Wengine huamini kwamba kila saratani kituo chake cha kwanza ni Ocean Road. Taasisi hiyo ina heshima yake kubwa, lakini kwa uvimbe mdogo wa figo wa kuonwa kwanza ni bingwa wa mfumo wa mkojo, kwa kuwa mionzi na dawa za kawaida za saratani hazikuwa kamwe tegemeo la kwanza la ugonjwa huu. Na wako wanaokimbilia mitishamba wasiyoijua kipimo, au kumeza diklofenaki kila siku kwa kudhani ubavu unauma, mambo ambayo yaweza kuiharibu ile figo nzima waliyobaki nayo.

Kosa la pili ni usahaulifu, nalo twaliona kuwa kubwa zaidi kwa sababu halina kelele. Tuchukue mfano wa mvuvi wa Msimbati mwenye umri wa miaka 62, aliyekutwa na uvimbe mgumu wa sentimita 2 na nusu. Ameambiwa arudi baada ya miezi 6. Miezi 6 ikifika, pepo za kusi zimeshika na pato limekatika, au yuko dago Namponda au Mongo, au mvua imeivunja njia. Karatasi yake aliiweka kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko umelowa. Hospitali haina orodha yenye jina lake, kwa hiyo hakuna ajuaye kwamba hakurudi. Mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, na kila mwenye miadi huko alibaki alipo. Mvuvi kama huyu hatarudi ila siku atakayoona damu, na siku hiyo yale yaliyokuwa rahisi yatakuwa mazito.

Na hata damu yenyewe kwetu ina mtihani wake. Kichocho cha mkojo ni ugonjwa tuliouzoea, na mtu mzima akikojoa damu wengi humaliza maneno kwa kusema "ni kichocho tu". Apewe dawa ya kichocho, ndiyo, vipimo vikionyesha anacho. Lakini mtu mzima ambaye damu inaendelea baada ya dawa, au ambaye vimelea havikuonekana katika mkojo wake, hana budi kupigwa picha ya figo na ya kibofu. Tena kichocho cha muda mrefu chenyewe huweza kuleta saratani ya kibofu, kwa hiyo kulipuuza jambo hili ni hatari kwa pande mbili.

Baada ya kusema hayo, tunayo mapendekezo kwa viongozi wetu, kuanzia Mganga Mkuu wa Mkoa hadi wakurugenzi wa halmashauri na waganga wafawidhi wa vituo.

Kwanza, neno "uvimbe" lisiandikwe peke yake katika majibu. Paandikwe kimo kwa milimita, upande na mahali ulipo, na kama ni maji au ni nyama. Ultrasaundi ikishindwa kuamua, mgonjwa apelekwe kwenye mashine ya CT, apigwe picha kabla na baada ya kupewa dawa ya mshipani ya kuing'arisha, maana uvimbe wenye uhai huinywa dawa hiyo na mfuko wa maji hauinywi. Kabla ya hapo apimwe damu kujua kama figo zake zina nguvu ya kuihimili dawa.

Pili, kila hospitali yenye mashine ifungue daftari la watu waliokutwa na uvimbe unaohitaji kufuatiliwa. Jina, kijiji, namba ya simu ya mgonjwa na ya jamaa mmoja aliyemchagua mwenyewe, kimo cha kwanza, na tarehe ya kurudi. Afisa mmoja ajulikane kuwa ndiye mwenye daftari, na kila mwezi aulizwe: nani alipaswa kurudi, na nani hakurudi? Kazi hii haihitaji mkopo wa kimataifa. Yahitaji kalamu, simu, na mtu anayeulizwa.

Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa na serikali mwaka 2024, wafanywe kiungo kati ya daftari hilo na vijiji vya pwani. Mhudumu anayemjua mtu kwa sura atamfikia hata dagoni. Lakini siri ya mgonjwa ilindwe. Hatutaki jina la mtu litangazwe kwenye mkutano wa kijiji. Yatosha aitwe kando akumbushwe siku yake.

Nne, tarehe za kurudi zipangwe kwa kalenda ya maisha ya watu. Mkulima wa korosho akipangiwa miadi katika miezi ya mauzo, kuanzia Oktoba, atakuwa na nauli. Akipangiwa katika miezi ya njaa, atakuwa na udhuru. Mvuvi naye aulizwe bahari yake inatulia lini. Wiki mbili za huku na huku hazidhuru uvimbe unaokua milimita 2 kwa mwaka, ila mwaka mzima wa kutorudi huenda ukadhuru.

Tano, picha zisafiri kabla ya mgonjwa kusafiri. Picha ya CT iliyopigwa Mtwara yaweza kutumwa kwa bingwa wa Muhimbili au KCMC akaitazama na kutoa shauri. Atakayehitaji kisu aende akijulikana anakokwenda, na atakayehitaji kungoja angoje nyumbani kwake. Aidha, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaoandaa mafao yake wakumbuke kwamba picha ya kufuatilia ni tiba kamili kama ilivyo operesheni, na mtu asinyimwe kwa hoja kwamba "haumwi".

Wananchi nao wana wajibu wao. Mtu akiambiwa ana uvimbe, asitoke chumbani mwa daktari kabla ya kuuliza maswali manne: una kimo gani, ni maji au ni nyama, nirudi lini, na nirudi kwa nani? Majibu ayapate kwa maandishi, na karatasi aitunze pamoja na hati ya shamba lake. Aache tumbaku, kwani ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya figo, pamoja na unene uliokithiri na presha isiyodhibitiwa. Presha apime na dawa anywe. Wala asimwachie Mungu kazi aliyopewa yeye: nahodha hutia nanga kwanza, ndipo akatawakali. Mwili ni amana, na mwenye amana huitazama mara kwa mara ajue iko katika hali gani.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, walipokaa makundi makundi vijijini kusikiliza redio na kujifunza habari za malaria, kuhara na kichocho, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Elimu ile ilifika mbali kwa sababu ilitolewa kwa lugha ya watu na ilimwambia kila mmoja kazi ya kufanya. Maradhi ya leo yamebadilika sura, na mengine huonekana kabla hayajauma. Redio zetu za mkoa na wahudumu wetu wa zahanati waweza kulieleza hili la figo kwa utaratibu ule ule, kwa maneno mepesi na bila kutisha.

Kwa hiyo tunarudia ombi letu kwa uongozi wa afya wa mkoa. Daftari hilo lifunguliwe kabla ya msimu ujao wa korosho, na liwe na majina ya wale ambao tayari wamekwisha kuonekana na kurudishwa makwao. Wako baina yetu, wanaendelea na kazi zao, na baadhi yao tarehe zao zimekwisha pita.